Bajeti ya jimbo la New York katika karne ya 19

Bajeti ya jimbo la New York katika karne ya 19 inahusu namna serikali ya jimbo hilo la Marekani ilivyopanga, ilivyokusanya na ilivyotumia fedha za umma tangu mwaka 1797, ulipoanzishwa wadhifa wa Mdhibiti wa Fedha, hadi mwishoni mwa miaka ya 1890.

Katika kipindi hicho chote jimbo halikuwa na bajeti moja ya mwaka iliyoandaliwa na serikali na kuwasilishwa bungeni. Fedha ziliwekwa katika mifuko mbalimbali, kila mmoja ukiwa na mapato na kazi zake. Matumizi yaliidhinishwa na bunge kwa sheria nyingi zilizopitishwa moja baada ya nyingine. Mfumo huo uliwezesha kujengwa kwa Mfereji wa Erie, lakini pia nusura uliingize jimbo katika aibu ya kushindwa kulipa madeni yake mwaka 1842. Kutokana na hatari hiyo katiba ya mwaka 1846 iliweka masharti makali juu ya mikopo na matumizi ya serikali.

Wahusika wakuu

Mamlaka juu ya fedha yalikuwa mikononi mwa bunge la jimbo, lenye vyumba viwili: Seneti na Baraza la Wawakilishi. Bunge lilikutana kila mwaka kuanzia Januari katika mji mkuu wa Albany. Katika kila chumba kulikuwa na kamati iliyoshughulikia mambo ya fedha.

Gavana alitoa hotuba ya kila mwaka mbele ya bunge na kueleza hali ya jimbo, pamoja na hali ya hazina. Hata hivyo hakuwa na kazi ya kukusanya maombi ya idara zote na kuyapanga katika mpango mmoja. Angeweza kushauri, na angeweza kuukataa muswada mzima kwa kura ya turufu, lakini kwa sehemu kubwa ya karne hakuweza kufuta kifungu kimoja cha matumizi na kuacha vingine.

Afisa muhimu zaidi katika kazi za kila siku alikuwa Mdhibiti wa Fedha. Wa kwanza kushika wadhifa huo alikuwa Samuel Jones, aliyeanza mwaka 1797. Mdhibiti alikagua madai yote dhidi ya serikali, alitunza hesabu za mifuko, na kila mwaka alitoa taarifa bungeni kuhusu mapato, matumizi na makadirio ya mwaka uliofuata. Mweka Hazina ndiye aliyeshika fedha zenyewe, lakini hakuruhusiwa kulipa bila hati ya Mdhibiti. Kwa njia hiyo aliyeamuru malipo na aliyetoa fedha walikuwa watu wawili tofauti, kila mmoja akiwa na daftari lake.

Chini ya katiba ya mwaka 1821 maafisa hao walichaguliwa na bunge. Katiba ya mwaka 1846 iliamua wachaguliwe na wananchi wenyewe kwa vipindi vya miaka miwili. Baadhi ya Wadhibiti walipata umaarufu mkubwa katika siasa: Silas Wright baadaye alikuwa gavana, na Millard Fillmore alishika wadhifa huo mwaka 1848 kabla ya kuwa makamu wa rais na kisha rais wa Marekani.

Mfumo wa mifuko

Hazina ya jimbo haikuwa chungu kimoja. Kila mfuko ulikuwa na chanzo chake cha fedha na kazi yake, na kwa kawaida fedha za mmoja hazikupaswa kutumika kwa kazi ya mwingine. Mifuko mikuu ilikuwa hii:

- Mfuko Mkuu uligharimia mishahara ya maafisa na majaji, vikao vya bunge, magereza na shughuli za kawaida za serikali. Mwanzoni mtaji wake ulitokana hasa na mauzo ya ardhi ya jimbo, mikopo iliyotolewa kwa wananchi, na hisa za benki.
- Mfuko wa Shule za Umma ulianzishwa mwaka 1805 kwa fedha za mauzo ya ardhi. Mtaji wake haukutakiwa kuguswa. Ni faida tu iliyogawiwa kwa shule.
- Mfuko wa Mfereji ulianzishwa mwaka 1817 na kusimamiwa na makamishna waliokuwa maafisa wakuu wa jimbo, akiwemo Mdhibiti.
- Mfuko wa Amana ya Marekani ulitokana na ziada ya serikali kuu ya Marekani, iliyogawanywa kwa majimbo mwaka 1837. New York ilipata takriban dola milioni 4. Fedha hizo zilikopeshwa katika kaunti kwa dhamana ya ardhi, na riba yake ilisaidia zaidi elimu.

Faida ya mpangilio huu ilikuwa kwamba aliyelikopesha jimbo alijua ni mapato gani yatakayomlipa. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa vigumu kwa mwananchi, na hata kwa mbunge, kuona hali nzima ya fedha kwa mtazamo mmoja. Mfuko mmoja uliweza kuwa na ziada huku mwingine ukiwa mtupu.

Safari ya fedha katika mwaka mmoja

Mwaka wa fedha ulipokwisha, idara na taasisi zilipeleka hesabu zao Albany. Mwezi Januari gavana alitoa hotuba yake, na Mdhibiti akawasilisha taarifa yake. Kisha wabunge walianza kuleta miswada.

Gharama za kawaida, kama mishahara iliyokwisha kuwekwa na sheria, ziliingia katika muswada mkuu wa matumizi. Mahitaji mengine, kuanzia matengenezo ya majengo hadi madai ya watu binafsi, yaliwekwa katika muswada wa nyongeza ambao mara nyingi ulipitishwa siku za mwisho za kikao. Aidha kulikuwa na sheria za pekee kwa ajili ya hospitali, gereza, daraja au chuo fulani.

Muswada wa nyongeza ndio uliokuwa mlango wa maombi ya kila aina. Mbunge aliyetaka fedha kwa ajili ya eneo lake aliunga mkono ombi la mwenzake ili naye aungwe mkono. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kulinganisha jumla ya maombi na jumla ya mapato, mara nyingi jumla hiyo ilijulikana baada ya kikao kufungwa.

Mfereji wa Erie

Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa Mfereji wa Erie, uliounganisha Mto Hudson na Ziwa Erie kwa urefu wa kilomita 584 hivi. Waliouanzisha walitumaini kwamba serikali kuu ingesaidia, lakini Machi 1817 rais James Madison alikataa kutia saini sheria ambayo ingetoa fedha kwa ajili ya barabara na mifereji. Jimbo likaamua kujenga kwa fedha zake lenyewe. Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1817, wakati wa gavana DeWitt Clinton, na mfereji wote ulifunguliwa Oktoba 1825. Gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 7. Wapinzani walikuwa wameubeza mradi na kuuita handaki la Clinton.

Jimbo lilipata fedha kwa kuuza hati fungani. Ili wanunuzi wawe na imani, bunge lilitenga mapato maalumu ya kulipia riba hata kabla mfereji haujaanza kuingiza kitu. Mapato hayo yalikuwa ushuru wa chumvi iliyotengenezwa jimboni, wa senti 12 na nusu kwa kila busheli, ushuru wa bidhaa zilizouzwa kwa mnada, na tozo za wasafirishaji waliotumia mfereji. Katiba ya mwaka 1821 iliyaweka mapato hayo chini ya ulinzi wake, ili bunge lisiweze kuyapunguza wala kuyahamisha mpaka deni lilipwe.

Mpango huo ulifanikiwa. Mwanzoni hati nyingi zilinunuliwa na wenyeji, kupitia pia benki ya akiba ya mji wa New York iliyopokea fedha za watu wa kipato kidogo. Baadaye wawekezaji wa Uingereza walinunua kwa wingi. Tozo za mfereji zilizidi matarajio, na katikati ya miaka ya 1830 Mfuko wa Mfereji ulikuwa na fedha za kutosha kulipa deni la awali.

Miaka bila kodi

Mafanikio ya mfereji yaliwafanya wanasiasa waamini kwamba wananchi hawahitaji tena kutozwa kodi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1820 jimbo liliacha kutoza kodi ya mali. Lakini tozo za mfereji zilikuwa zimefungwa katika mfuko wake, na ushuru wa chumvi na minada vilevile. Mfuko Mkuu ukabaki na mapato madogo kuliko matumizi yake.

Pengo lilizibwa kwa kula mtaji: ardhi, hisa na madeni ambayo jimbo lilikuwa linayadai. Wadhibiti Silas Wright na Azariah C. Flagg walionya mara kwa mara kwamba mfuko ungekwisha, wakaliomba bunge kurudisha kodi. Bunge halikukubali, kwa sababu hakuna mbunge aliyetaka kurudi nyumbani na habari ya kodi mpya wakati mfereji unaonekana kutajirika. Katikati ya miaka ya 1830 mtaji wa Mfuko Mkuu ulikuwa umekwisha. Ushuru wa chumvi na minada ulirudishwa kwake, lakini haukutosha.

Wakati huohuo kila wilaya ilitaka mfereji wake. Bunge liliidhinisha Mfereji wa Chenango mwaka 1833, na mwaka 1836 Mfereji wa Black River na wa Bonde la Genesee. Mwaka 1835 liliamua pia kuupanua Mfereji wa Erie wenyewe. Mifereji ya pembeni haikuwa na mizigo ya kutosha kulipia gharama zake. Zaidi ya hayo, jimbo lilitoa hati fungani zake za dola milioni 3 kuisaidia kampuni ya reli ya New York na Erie, kwa ahadi kwamba kampuni ndiyo itakayolipa.

Msukosuko na sheria ya mwaka 1842

Mwaka 1837 msukosuko wa kifedha uliikumba Marekani. Watu walihitilafiana juu ya hatua ya kuchukua. Mwaka 1838 mbunge Samuel B. Ruggles, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, alitoa taarifa iliyosema kwamba kwa kutegemea ukuaji wa tozo jimbo lingeweza kukopa dola milioni 40 katika muda wa miaka 10 na kuzilipa bila kutoza kodi. Chama cha Whig na gavana William H. Seward, aliyeingia madarakani mwaka 1839, waliunga mkono kuendelea na ujenzi. Flagg na wenzake katika chama cha Democratic walijibu kwamba hesabu hiyo ilitegemea mapato ambayo bado hayajapatikana.

Kufikia mwanzo wa mwaka 1842 deni lilikuwa limepita dola milioni 20. Kampuni ya reli ilishindwa kulipa riba, na mzigo wake ukalirudia jimbo. Hati fungani za New York ziliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, na benki zilisita kulikopesha jimbo. Majimbo mengine yalikuwa yameanza kuanguka: kati ya 1841 na 1843 majimbo 8, yakiwemo Pennsylvania, Maryland, Indiana na Illinois, pamoja na eneo la Florida, yalishindwa kulipa riba ya madeni yao.

Tarehe 29 Machi 1842 bunge lilipitisha sheria iliyojulikana kama sheria ya kusimamisha na kutoza. Msukumo wake ulitoka kwa Flagg, aliyekuwa amerudi kuwa Mdhibiti, na mbunge Michael Hoffman. Sheria ilisimamisha kazi zote za ujenzi wa mifereji isipokuwa zile za kuzuia hasara, na ikarudisha kodi ya mali kwa kiwango cha sehemu moja ya elfu ya thamani. Mwenye shamba lenye thamani ya dola 2,000 alitakiwa kulipa dola 2 kwa mwaka. Makandarasi walipoteza kazi na mitaro iliyochimbwa nusu iliachwa ilivyo, lakini imani ya wakopeshaji ilirudi na bei ya hati fungani ikapanda. New York haikukosa kulipa.

Masharti ya katiba ya mwaka 1846

Hoffman na wenzake hawakuridhika na sheria ya kawaida, kwa kuwa bunge lingine lingeweza kuifuta. Katika mkutano wa katiba wa mwaka 1846 waliingiza kanuni zao katika ibara ya saba ya katiba mpya. Masharti yake makuu yalikuwa yafuatayo:

- Fedha zisitolewe hazina bila sheria inayotaja wazi kiasi na kusudi, na malipo yafanyike ndani ya miaka 2 tangu sheria kupitishwa.
- Jimbo lisitoe dhamana yake kwa mtu binafsi wala kampuni.
- Mikopo ya kuziba upungufu wa muda isizidi dola milioni 1 kwa jumla. Mikopo ya kuzuia uvamizi au uasi haikuwekewa kikomo.
- Deni lingine lolote liwe kwa ajili ya kazi moja tu, liambatane na kodi ya kila mwaka itakayolimaliza ndani ya miaka 18, na likubaliwe na wananchi kwa kura.
- Kila sheria ya kodi itaje kodi hiyo na kazi yake.
- Sheria za fedha zipigiwe kura kwa majina, huku tatu ya tano ya wajumbe, yaani watatu katika kila watano, wakiwepo.

Katiba ilipanga pia matumizi ya mapato ya mifereji. Baada ya gharama za ukusanyaji na matengenezo, dola 1,300,000 kila mwaka zilitengwa kulipia deni la mifereji, na kiasi hicho kilitakiwa kupanda hadi 1,700,000 kuanzia Juni 1855. Zilizofuata ni dola 350,000 kwa deni la Mfuko Mkuu, kisha hadi dola 200,000 kwa gharama za serikali. Kilichobaki ndicho kilichoruhusiwa kutumika kumalizia upanuzi wa mifereji.

Msingi wa masharti hayo ulikuwa kwamba mpiga kura aone deni na kodi yake kwa wakati mmoja. Asingeulizwa tu kama anataka mfereji, bali kama yuko tayari kuulipia.

Jaribio la mwaka 1851

Muda si mrefu masharti hayo yalijaribiwa. Mwaka 1851 chama cha Whig kilileta muswada wa kukopa dola milioni 9 ili kumaliza upanuzi, kwa kuwauzia watu vyeti ambavyo vingelipwa na mapato ya baadaye ya mfereji. Watetezi walidai kwamba hilo si deni la jimbo, kwa hiyo halihitaji kura ya wananchi. Maseneta 12 wa chama cha Democratic walijiuzulu ili akidi isitimie. Baada ya uchaguzi wa kujaza nafasi zao muswada ulipita, lakini mwaka 1852 Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba. Mwaka 1854 wananchi waliikubali kwa kura badiliko la katiba lililoruhusu mikopo ya kumalizia kazi.

Kodi ya mali na gharama mpya

Tangu mwaka 1842 kodi ya mali ikawa nguzo ya Mfuko Mkuu. Thamani ya mali ilikadiriwa na wathamini wa kila mji, na kaunti zilikusanya sehemu ya jimbo pamoja na kodi zao wenyewe. Kila kaunti ilikuwa na sababu ya kushusha makadirio, kwa maana yaliyokuwa madogo yalipunguza mzigo wake. Mwaka 1859 jimbo liliunda bodi ya kusawazisha makadirio kati ya kaunti.

Kodi ilitozwa kwa vipande, kila kipande kikiwa na kazi yake: shule, mifereji, shughuli za kawaida. Mwaka 1851 bunge liliagiza dola 800,000 kwa mwaka zikusanywe kwa ajili ya shule, na mwaka 1856 kiasi hicho kikabadilishwa kuwa robo tatu ya sehemu moja ya elfu ya thamani ya mali. Wakati wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865) kodi ilipanda sana. Deni la malipo yaliyotolewa kwa askari wa kujitolea lilipelekwa kwa wapiga kura mwaka 1865, kama katiba ilivyotaka, nao wakalikubali.

Ufisadi na kura ya turufu kwa vifungu

Masharti ya mwaka 1846 yalizuia madeni, lakini hayakuzuia wizi katika utekelezaji. Kikundi cha wanasiasa na makandarasi kilijinufaisha kwa mikataba ya matengenezo ya mifereji. Kandarasi ziligawiwa kwa zabuni zilizoonekana kuwa rahisi, kisha viwango vya kazi vikabadilishwa ili malipo yaongezeke. Mwezi Machi 1875 gavana Samuel J. Tilden alipeleka bungeni hotuba iliyoeleza mbinu hizo kwa tarakimu, na tume iliyoongozwa na John Bigelow ikachunguza. Mwaka 1876 badiliko la katiba liliondoa makamishna wa mifereji na kuweka msimamizi mmoja wa kazi za umma.

Kabla ya hapo, mwaka 1874, katiba ilikuwa imempa gavana mamlaka ya kukataa kifungu kimojamoja katika muswada wa matumizi. Kwa mara ya kwanza aliweza kuondoa ombi lisilofaa bila kuangusha muswada mzima na kuziacha ofisi bila mishahara.

Mwisho wa karne

Ushindani wa reli ulipunguza mapato ya mifereji, na mwaka 1882 wapiga kura waliamua kuondoa tozo zote. Mfereji uliokuwa umelilisha jimbo ukawa sasa unalishwa na kodi. Jimbo lilitafuta vyanzo vipya: kodi ya makampuni mwaka 1880, kodi ya mirathi mwaka 1885 na kodi ya vileo mwaka 1896. Polepole vyanzo hivyo vilichukua nafasi ya kodi ya mali.

Mwaka 1895 wananchi waliidhinisha deni la dola milioni 9 kwa ajili ya kuimarisha mifereji. Makadirio yalikuwa madogo mno, na mwaka 1898 kazi ilisimama fedha zilipokwisha kabla ya kumalizika.

Urithi

Masharti ya New York ya mwaka 1846 yalifanana na yale yaliyowekwa na majimbo mengine ya Marekani baada ya msukosuko wa miaka ya 1840, na kanuni ya kura ya wananchi juu ya madeni imebaki katika katiba ya jimbo hilo. Lakini masharti hayo yalijibu swali la nani aruhusu deni, si la nani apange matumizi yote kwa pamoja. Mwaka 1915 pendekezo la kumpa gavana kazi hiyo lilikataliwa pamoja na rasimu nzima ya katiba mpya. Lilikubaliwa mwaka 1927, na gavana Franklin D. Roosevelt ndiye aliyewasilisha bajeti ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1929.

Tazama pia

- Mfereji wa Erie
- New York (jimbo)
- DeWitt Clinton
- Hati fungani
- Kodi